Kutomiliki vitu si kuacha kununua

Kuna hoja inayozidi kupata wafuasi, kwamba utamaduni wa kununua umefika ukingoni. Wanaoitoa wana ushahidi wa kuonekana kwa macho: watu wanaosikiliza muziki mchana kutwa na hawana CD hata moja, wanaotazama filamu bila kununua mkanda, wanaokwenda safari zao kwa gari la kuitwa kwa simu wala hawajioni wamepungukiwa kwa kukosa la kwao. Mwaka 2023 zilienea TikTok video za watu wanaowakataza wenzao kununua bidhaa zinazopigiwa debe na washawishi wa mitandaoni. Mwaka 2024 zikafuata za watu wanaoonyesha kwa fahari viatu vyao vya miaka mingi na tyubu za losheni zilizokatwa katikati ili kikombwe kilichobaki. Hitimisho linalotolewa ni kwamba teknolojia imetuondolea haja ya kumiliki, maadili nayo yamegeuka, basi jamii inavuka. Sehemu ya hoja hiyo naikubali. Kiini chake nakikataa. Kutomiliki hakujaukata mzizi wa utamaduni wa kununua. Kumeufanya ununuzi usiwe na mwisho, kwa kuwa kilichokuwa kikilipiwa mara moja sasa kinalipiwa kila mwezi. Kinachotuvusha kweli kinakwenda polepole, hakina mvuto wa kamera, na kinaelekea upande ambao wengi hawakuutarajia: kumrudishia mtu mamlaka kamili juu ya kitu alichokinunua, akifungue, akikarabati, akimwachie mwingine.

Ndiyo maana naona jambo moja kubwa la uchumi wa kipindi hiki limepita bila kusomwa ipasavyo. Nchi wanachama wa Umoja wa Ulaya zilipewa hadi 31 Julai 2026 kuingiza katika sheria zao agizo lililopitishwa mwaka 2024 kuhusu haki ya kukarabatiwa bidhaa. Linawabana wazalishaji wa mashine za kufulia, majokofu, simu, tableti na vifaa vingine kadhaa wakubali kuvikarabati hata baada ya muda wa dhamana kwisha. Linawakataza pia kutumia vipengele vya mkataba au mbinu za kiufundi kuzuia ukarabati pasipo sababu ya msingi. Mnunuzi ambaye kifaa chake kimeharibika ndani ya dhamana, akichagua kikarabatiwe badala ya kupewa kipya, anaongezewa miezi 12 ya dhamana. Mjadala wa agizo hili umebaki zaidi kwa mafundi, wapenda vifaa na wanaharakati wa mazingira. Nadhani linagusa swali zito kuliko hilo la bisibisi na vipuri: nani ana neno la mwisho juu ya kitu kilichokwisha kulipiwa.

Ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Tabia ya kununua, kutupa na kununua tena haikuota yenyewe kama uyoga baada ya mvua. Ina tarehe na ina watu. Desemba 1924, makampuni makubwa ya balbu za umeme, yakiwemo Osram na Philips, yalikutana Geneva na kuunda umoja ulioitwa Phoebus. Walikubaliana kwamba balbu isiwake zaidi ya saa 1,000, ilhali nyingi za wakati huo zilikuwa zikifika saa 1,500 hadi 2,000. Sampuli za kila kiwanda zilipelekwa maabara kupimwa, na kampuni ambayo balbu zake zilidumu kupita kiasi ilitozwa faini. Wahandisi walioajiriwa kurefusha uhai wa balbu wakapewa kazi ya kuufupisha. Umoja ule ulivunjika vita vya pili vya dunia vilipoanza, ila fikra yake haikuvunjika. Huko Marekani, General Motors chini ya Alfred Sloan ilikuwa imekwisha kugundua kwamba gari halihitaji kuharibika ili libadilishwe. Yatosha kila mwaka litoke jingine lenye sura mpya, na la mwaka jana lianze kumtia aibu mwenyewe barabarani. Mwaka 1932, katikati ya mdororo mkuu wa uchumi, dalali wa nyumba wa New York aliyeitwa Bernard London alichapisha kijitabu akipendekeza serikali ipangie kila bidhaa umri wake kisheria, na mtu atakayeendelea kutumia kitu kilichopita umri atozwe kodi. Serikali haikumsikiliza. Viwanda havikuhitaji serikali kulifanya hilo.

Wakati huohuo kulikuwa na matumaini ya aina nyingine. Mwaka 1930 mwanauchumi John Maynard Keynes alitabiri kwamba baada ya miaka mia moja uzalishaji ungekuwa umepanda kiasi cha kumwezesha mtu kufanya kazi saa 15 tu kwa wiki, na tatizo la binadamu lingekuwa namna ya kuutumia muda wake vizuri. Kuhusu uzalishaji alikaribia kabisa ukweli. Kuhusu saa za kazi alikosea, na kosa lake linafundisha. Alidhani mahitaji yana kikomo, na kwamba mtu akishashiba atainuka mezani. Mwanauchumi wa Marekani Thorstein Veblen alikuwa ameeleza tangu mwaka 1899 kwa nini sivyo: sehemu kubwa ya tunavyonunua tunavinunua ili tuonekane na wenzetu, na mashindano ya kuonekana hayana mstari wa mwisho. Kila ufanisi uliopatikana viwandani ukageuzwa kuwa bidhaa nyingi zaidi badala ya muda wa kupumzika. Hapo ndipo palipo fundo la mjadala wote huu. Wanaodai leo kwamba teknolojia itatutoa kwenye ulaji wanarudia dau la Keynes, na wanadaiwa kueleza ni kwa nini safari hii litaingia.

Wana majibu, na yaliyo bora kati yake yana nguvu. Simu janja moja imemeza kamera, redio, tochi, ramani, kikokotoo, saa ya kengele na kinasa sauti, vitu ambavyo kila kimoja kilikuwa na kiwanda chake. Encyclopaedia Britannica, iliyochapishwa mfululizo tangu 1768, ilitangaza Machi 2012 kwamba haitachapishwa tena kwenye karatasi. Mabuku 32 ya toleo lake la mwisho yalikuwa yamekwisha kushindwa na Wikipedia, iliyoanza Januari 2001 na kuandikwa na watu wasiolipwa. Linux, mfumo endeshi ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, leo unaendesha sehemu kubwa ya seva za intaneti, na kila simu ya Android imejengwa juu yake. Hapa pana maelfu ya watu wanaotengeneza kitu cha thamani kubwa na kukigawa bure, jambo ambalo nadharia ya mtu kama mnunuzi mtupu haiwezi kulieleza. Kwa upande wa maadili, mtaalamu wa sayansi ya siasa Ronald Inglehart alionyesha kuanzia mwaka 1971, kwa takwimu za maoni kutoka Ulaya Magharibi, kwamba vizazi vilivyokua bila njaa wala vita huanza kuthamini uhuru, mahusiano na kujieleza kuliko kulimbikiza mali.

Sioni sababu ya kuyapuuza haya. Lakini tazama vizuri mifano miwili iliyo bora zaidi, Wikipedia na Linux. Kilichoifanya iwe tofauti ni leseni zake: kila anayeitumia ana haki ya kuifungua, kuibadilisha na kumpa mwenzake. Mtumiaji hakuondolewa umiliki. Aliongezewa haki ambazo mnunuzi wa kawaida wa programu hakuwahi kuwa nazo. Ukiuchukua mfano huo kama ushahidi wa ulimwengu usio na umiliki, umeusoma juu chini. Na kuhusu maadili ya Inglehart, ni kweli yamebadilika, ila soko ni mwanafunzi mwepesi. Mtu anayetaka kujieleza huuziwa vya kujielezea, na anayesema anapenda matukio kuliko vitu huuziwa ndege, hoteli na nguo za kupigia picha akifika.

Zipo pia takwimu zinazokata mzizi wa fitina kuhusu uzito wa vitu duniani. Kwa mujibu wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, malighafi zinazochimbwa na kuvunwa kila mwaka zimepanda kutoka takriban tani bilioni 30 mwaka 1970 hadi zaidi ya tani bilioni 100 sasa. Taka za kielektroniki zilifikia tani milioni 62 mwaka 2022, na zilizothibitishwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo hazikufika robo. Na hicho ndicho kipindi ambacho simu ilidaiwa kumeza kila kitu. Nchi tajiri kadhaa zilipoanza kuonyesha kwamba uchumi wao unakua huku matumizi yao ya malighafi yakishuka, watafiti wakiongozwa na Thomas Wiedmann walihesabu upya mwaka 2015 kwa kujumuisha malighafi zilizotumika nje kuzalisha bidhaa walizoagiza, na sehemu kubwa ya mafanikio hayo ikayeyuka. Viwanda vilikuwa vimehama, matumizi hayakupungua. Mwingereza William Stanley Jevons aliliona hili kwa makaa ya mawe mwaka 1865: injini za mvuke zilipoboreshwa zikatumia makaa kidogo, nchi ilichoma makaa mengi zaidi, kwa sababu nguvu ya mvuke ilikuwa imekuwa nafuu na kila mtu akaitafutia kazi. Vituo vya data vinavyobeba muziki, picha na akili unde vinarudia historia hiyo. Shirika la Kimataifa la Nishati linakadiria vilitumia kiasi cha asilimia 1.5 ya umeme wote wa dunia mwaka 2024, na kwamba matumizi hayo yanaelekea kuzidi mara mbili ifikapo 2030.

Sasa nije kwenye hoja iliyo dhaifu kuliko zote, ambayo ndiyo inayorudiwa zaidi: kwamba kukodi na kulipia kwa mwezi ni hatua ya kutoka kwenye ulaji. Mantiki yake inavutia. Kitu kikiwa cha kampuni, kampuni itataka kidumu. Na watu wengi wakitumia kimoja, vitahitajika vichache. Mantiki hiyo imejaribiwa kwa ukubwa wa kutisha na matokeo yanajulikana. Kati ya 2016 na 2018, makampuni ya baiskeli za kukodi kwa simu nchini China, Ofo na Mobike yakiwa mbele, yalimwaga mamilioni ya baiskeli mijini kwa fedha za wawekezaji. Lengo halikuwa kutosheleza safari za watu. Kila kampuni ilitaka kujaza barabara kabla ya mshindani. Picha zilizopigwa kutoka angani zinaonyesha viwanja vizima vilivyojaa baiskeli zilizorundikwa, za njano huku, za rangi ya chungwa kule, nyingi zikiwa na magurudumu mazima na minyororo isiyo na kutu. Baiskeli ya mtu hupakwa mafuta, huzibwa pancha, huingizwa ndani mvua ikinyesha. Hizi hazikuwa na mtu. Na magari ya kuitwa kwa simu, yaliyotazamiwa kupunguza msongamano? Mamlaka ya usafiri ya San Francisco ilikuta mwaka 2018 kwamba yalichangia karibu nusu ya ongezeko la foleni za jiji hilo kati ya 2010 na 2016.

Upande wa mambo yasiyoshikika kwa mkono, hali ni ngumu zaidi kwa mtumiaji. Aprili 2019 Microsoft ilitangaza kufunga duka lake la vitabu vya kielektroniki, na kuanzia Julai vitabu vilivyokuwa vimenunuliwa vikaacha kufunguka. Fedha zilirudishwa, na walioandika maelezo yao pembeni mwa kurasa wakaongezewa salio la dola 25, lakini maktaba ya mtu ilikuwa imetoweka na maandishi yake ndani. Mwaka 2016, kampuni ya Nest, iliyokuwa imenunua kampuni ndogo ya Revolv, ilizima seva ya kifaa cha kuongozea vyombo vya umeme nyumbani ambacho watu walikilipia dola 300. Kifaa hakikuwa kibovu. Kiligeuka boksi la plastiki kwa uamuzi wa ofisi moja. Nguo ya kuazima haisitiri matako, na mtu ambaye muziki wake, picha zake, kazi yake na taa zake ziko kwa hisani ya malipo ya mwezi ujao hajaondoka kwenye utamaduni wa kununua. Ameingia chumba chake cha ndani kabisa, ambacho hakina hata siku ya kupumzika baada ya kumaliza kulipa.

Isitoshe, teknolojia ileile iliyorahisisha kukodi imerahisisha kununua kupita kipindi chochote kilichotangulia. Amazon ilipewa hataza ya kununua kwa mbofyo mmoja mwaka 1999, na kazi kubwa ya wahandisi wa biashara ya mtandaoni tangu hapo imekuwa kufuta kila sekunde ambayo mtu angeweza kuitumia kujiuliza kama anakihitaji kitu. Mwaka 2024 vifurushi bilioni 4.6 vya bidhaa za bei ndogo viliingia Umoja wa Ulaya, milioni 12 kwa siku, mara mbili ya mwaka uliotangulia. Wazee walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku hizi hakuna kisichojitembeza, na kinajitembeza ndani ya mfuko wa mtu, kikijua alichotazama jana usiku na alichosita kukinunua. Ukiweka takwimu hiyo ya vifurushi kando ya video za viatu vya zamani, unapata kipimo cha nguvu za pande mbili zinazovutana.

Kuhusu video hizo, na watu binafsi wanaoamua kununua kidogo, ninawaheshimu na sitaki kuwakatisha tamaa. Utamaduni hubadilika kwa mtu mmoja kuona mwenzake anafanya jambo bila aibu, na kuondoa aibu ya kitu kikuukuu ni kazi kubwa. Tatizo ni pale dhamira inapotarajiwa kubeba peke yake kinachopaswa kubebwa na muundo. Mwaka 2011 kampuni ya nguo ya Patagonia ililipia tangazo la ukurasa mzima katika gazeti la New York Times, siku ya punguzo kubwa la bei, ikiwasihi watu wasinunue koti lake. Mauzo yake yaliendelea kupanda. Sidhani walikuwa wakidanganya. Wana mpango wa ukarabati wa nguo unaofanya kazi kweli. Ila tukio lile linaonyesha jinsi soko linavyoweza kuichukua hata kauli ya kulikataa na kuigeuza sababu ya kununua. Na upo ukuta wa pili, ambao mtu mwenye dhamira njema huugonga akiwa na kifaa kibovu mkononi.

Nimewahi kukaa pembeni ya fundi akibadilisha betri ya simu isiyo na kasoro nyingine yoyote. Kwanza alipasha moto mgongo wake wa kioo ili gundi ilainike, akaupenyezea kipande chembamba cha plastiki na kukizungusha taratibu, maana kioo kikipasuka hasara ni yake. Skrubu za nje zilikuwa na kichwa cha pembe tano ambacho bisibisi za kawaida hazishiki. Betri yenyewe ilikuwa imegandishwa kwa utepe wa gundi ambao ukikatika katikati ya kuvutwa, lazima betri ing'olewe kwa nguvu, na betri ya lithiamu ikikunjwa inaweza kuwaka. Alifanikiwa. Simu ilipowashwa, ikaandika kwamba haiitambui betri hiyo, na sehemu inayoonyesha afya ya betri ikabaki tupu. Kazi yote ilikuwa imekwisha na hakuna kilichoharibika. Ujumbe ule ulikuwa kwa ajili ya mwenye simu, apate wasiwasi. Hiyo ndiyo mbinu ya kuoanisha kipuri na kifaa kwa programu, ambayo jimbo la Oregon nchini Marekani liliipiga marufuku kwa sheria ya mwaka 2024. Phoebus walihitaji maabara na faini kuupanga umri wa balbu. Leo yatosha mistari michache ya programu, na inaweza kubadilishwa kutoka mbali bidhaa ikiwa tayari mikononi mwa mnunuzi. Mwaka 2017 Apple ilikiri kwamba masasisho yake yalipunguza kasi ya simu zenye betri zilizochoka, ikieleza kuwa ilikusudia kuzuia zisijizime ghafla. Ufaransa iliitoza faini ya euro milioni 25 mwaka 2020 kwa kutowaambia wateja.

Wazalishaji wana utetezi na baadhi yake una maana. Betri zinaweza kuwaka kweli. Gundi inasaidia simu isipenye maji, na simu isiyopenya maji nayo hudumu. Siri za kiufundi zina thamani. Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani ilizipitia sababu hizi katika ripoti yake kwa bunge mwaka 2021 na ikakuta ushahidi wa kuziunga mkono ni haba. Naona kanuni za Ulaya zilizoanza kutumika 20 Juni 2025 kwa simu na tableti zimelipima jambo hili kwa busara. Zinataka vipuri muhimu vipatikane kwa miaka 7 baada ya modeli kuacha kuuzwa, masasisho ya mfumo endeshi yatolewe kwa angalau miaka 5, na betri ibaki na asilimia 80 ya uwezo wake baada ya kuchajiwa mara 800. Anayetaka kuendelea kufunga simu yake kwa gundi ameachiwa njia: athibitishe kwamba haipenyi maji na kwamba betri yake inafika mara 1,000. Mzalishaji anachagua kati ya kufungulika na kudumu. Hana tena nafasi ya kukwepa yote mawili.

Utetezi mwingine ni mzito zaidi, na wanaopinga ulaji huukwepa. Watu wakinunua kidogo, nani atapoteza kazi? Ukarabati nao huhitaji mikono mingi, kwa kuwa kila ubovu una sura yake na hauendani na mtambo wa kuunganisha, na kazi hiyo hufanyika karibu na mwenye kifaa. Kwa hiyo hofu kwamba uchumi utakauka haina msingi mkubwa. Lakini kazi mpya hazitaota pale zilipokufa za zamani. Mshonaji wa kiwanda cha nguo za bei ya chee katika nchi moja hatageuka fundi wa mashine za kufulia katika nchi nyingine. Sera yoyote inayopunguza ununuzi wa nchi tajiri bila kumfikiria mshonaji huyo inamlipisha yeye deni la starehe ambazo hakuzionja, na sijaona bado mpango wa ukubwa unaostahili kwa ajili yake. Hili ndilo eneo ambalo mimi mwenyewe sina jibu la kuniridhisha.

Ninachoona kwa uhakika zaidi ni mahali mvutano utakapohamia. Kwanza, vipimo. Simon Kuznets, aliyesimamia hesabu za kwanza za pato la taifa la Marekani, aliliambia bunge mwaka 1934 kwamba ustawi wa watu hauwezi kupimwa kwa pato hilo pekee. Jokofu linalodumu miaka 25 linaongeza ustawi na kupunguza mauzo, na serikali inayojitathmini kwa mauzo italiona kama hasara. Wachache wameanza kugeuza motisha: Ufaransa tangu Januari 2021 inalazimisha baadhi ya vifaa viuzwe na alama, kati ya kumi, inayoonyesha urahisi wa kuvikarabati, na Austria mwaka 2022 ilianza kulipa nusu ya gharama za kukarabati vifaa vya umeme, hadi euro 200. Pili, wasaidizi wa akili unde wanaoanza kununua kwa niaba yetu. Msaidizi anayemtumikia mtu kwa uaminifu angemwambia kwamba mashine yake inahitaji mkanda mpya tu na kumtafutia fundi. Anayelipwa kamisheni na muuzaji atamletea mashine mpya kabla hajauliza. Teknolojia ni ileile. Tofauti iko kwenye nani anamlipa, na kanuni za jambo hilo hazijaandikwa karibu popote.

Tatu, na hili ni la karibu zaidi, ni bei ya vipuri. Agizo la Ulaya linataka bei iwe ya kiasi, isiyomkatisha mtu tamaa ya kukarabati, lakini halikutaja kiwango. Mzalishaji anaweza kutimiza kila kifungu, akaweka vipuri vyote sokoni na mwongozo wa ukarabati kwenye tovuti, kisha akapanga bei ya kioo cha simu ikaribie ya simu nzima. Mteja atapiga hesabu yake na kununua mpya, na takwimu zitasema watu hawapendi ukarabati. Kiwango hicho kitapatikana kwa kesi: mtu mmoja mwenye risiti ya kipuri na bei ya simu mpya, chama cha watumiaji kitakachombeba, na hakimu atakayeamua ni asilimia ngapi ya bei ya kifaa kizima kipuri kimoja hakiruhusiwi kuvuka.